Kompyuta ya Laki Tatu na Ishirini

Katika jambo la laptopu, Kiswahili kimetoa jina tamu. Wenzetu wa Kenya huandika kipakatalishi, sisi huku Tanzania tunaandika kompyuta mpakato, na yote mawili yametoka kwenye kupakata, kile kitendo cha kumkalisha mtoto mapajani. Kariakoo hakuna anayelitumia lolote kati ya hayo. Ukimwuliza muuzaji bei ya kompyuta mpakato atakutazama mara mbili, atadhani umetumwa na BAKITA. Sema laptopu, mtaelewana.

Ya kwangu niliipata huko huko Kariakoo mwaka 2022, kwenye chumba cha ghorofa ya pili kilichojaa mashine hadi kwenye ngazi, kwa shilingi 320,000. Ni ThinkPad X220. Aina hii ilitoka mwaka 2011, kwa hiyo mtoto niliyempakata kwenye daladala siku ile alikuwa na miaka kumi na moja, umri ambao kwa kompyuta si utoto tena. Huyo ni babu aliyestaafu akaongezewa mkataba. Chini ya tumbo lake kulikuwa na kibandiko chenye namba ya mali ya ofisi fulani ya Uingereza. Nimekiacha mpaka leo. Napenda kufikiri kwamba ujana wake aliumalizia kwenye barua za bima.

Naandika habari zake kwa sababu sisi tunaopenda vitabu huzungumza kila kitu kuhusu uandishi isipokuwa chombo. Tunajadili tuzo, wahariri, mrabaha unaochelewa, hadithi za mtandaoni kama ni fasihi au siyo. Hatuulizani: mswada huu umeuchapa kwenye nini? Ninawafahamu watu wanaoandika hadithi ndefu kwa kidole gumba, kwenye simu, wakiwa kwenye foleni ya benki, na baadhi yao wananizidi kwa mbali. Lakini simu ina tabia zake. Inakuonyesha mistari michache tu kwa wakati mmoja. Ukitaka kujua kule mwanzoni ulisema yule mjomba ana chongo jicho la kulia au la kushoto, unatelezesha kidole mpaka kinakufa ganzi. Kazi fupi inavumilia hali hiyo. Kazi ndefu inataka kibodi, na inataka kioo kinachokuonyesha ulikotoka.

Kuna watu ukiwaambia hivyo watakutajia Ngũgĩ wa Thiong'o, kwamba aliandika rasimu ya Caitaani Mũtharabainĩ kwenye karatasi za chooni akiwa gereza la Kamĩtĩ mwaka 1978, sasa wewe unalilia kompyuta? Mfano huo siupendi kabisa. Ngũgĩ alifungwa. Ile karatasi hakuichagua, alilazimishwa nayo. Kumgeuza kuwa fimbo ya kumchapia kijana asiye na laki tatu ni kumkosea adabu yeye na huyo kijana. Afadhali mnitajie George R. R. Martin, ambaye ameshaeleza hadharani kwamba riwaya zake huziandika kwa WordStar 4.0, programu ya miaka ya 1980, kwenye kompyuta ya DOS isiyounganishwa na intaneti. Huyo uwezo wa kununua duka zima anao. Amebaki na ya zamani kwa sababu inafanya anachotaka, basi.

Kilichonipeleka mimi Kariakoo ni kaunta buku kumi na moja.

Baba yangu alianza kazi kama kibarua kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA mwaka 1971, akiwa na miaka 19. Reli ilipokabidhiwa mwaka 1976 akabaki humo humo, akahamishwa stesheni moja hadi nyingine mpaka akastaafu. Alipostaafu akaanza kuandika. Reli ile ina kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, na ukimsoma Mzee utadhani ameapa kuipa kila kilomita ukurasa wake. Kalamu ya bluu, pande zote mbili za karatasi, hakuna aya. Halafu daktari akamwambia ana presha ya macho. Kwa asiyeijua, ugonjwa huu hula uwezo wa kuona kuanzia pembeni, kimyakimya, na kilichokwenda hakirudi. Matone unayopewa kazi yake ni kulinda kilichobaki. Mwaka 2022 Mzee alikuwa anaiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Mwandiko wake mwenyewe ulikuwa umemshinda.

Kwa hiyo nilikuwa na kazi ya mamia ya kurasa, muda ambao hakuna aliyeweza kunipimia, na mshahara ambao kila mwezi ulianza kwa kutoa hela ya matone. Laptopu mpya ya maana ilikuwa milioni moja na laki nne. Hiyo hatukuijadili hata.

Vitu rahisi viko vya aina mbili, na watu wengi huvichanganya. Kuna kitu kilichotengenezwa ili kiwe rahisi, na kuna kitu kilichokuwa ghali kikashushwa bei na umri. Dukani siku ile vilikuwa meza moja. Upande huu laptopu mpya, ndani ya boksi, nyembamba, rangi ya fedha, shilingi 600,000: RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 64. Niliuliza kama RAM inaongezeka. Haiongezeki, imelehemewa kwenye bodi. Hifadhi je? Nayo vilevile. Mfumo wenyewe ukishajikalisha humo na masasisho yake, unabaki na nusu, na siku hiyo nusu ikijaa hakuna fundi chini ya jua atakayekusaidia. Yaani umenunua nyumba ambayo msingi wake umekataa chumba cha pili.

Upande wa pili X220. Nyeusi, nene kama tofali la kuchoma, kona moja imechubuka. Lakini fungua skrubu moja ubavuni, diski inateleza nje kama droo. Fungua kifuniko kidogo cha chini, unakuta nafasi mbili za RAM. Betri inachomolewa kwa vidole viwili, mashine haihitaji hata kugeuzwa mara mbili. Mtengenezaji ameweka wazi kitabu cha ufundi kinachoonyesha kila skrubu inapokaa na urefu wake, yeyote anaweza kukisoma bure. Mtu aliyeisanifu alijua kwamba siku moja itaharibika, na kwamba mwingine atataka kuitengeneza. Mimi nilimheshimu mtu huyo hapo hapo dukani kabla sijajua jina lake. (Jina la mwanzilishi wa umbo hilo ni Richard Sapper, Mjerumani. ThinkPad za kwanza zilitoka IBM mwaka 1992, na inasemwa alichukua wazo kutoka kwenye kisanduku cha chakula cha Wajapani, kile cheusi ambacho kwa nje hakisemi kitu. Biashara ya kompyuta binafsi ya IBM ilihamia Lenovo mwaka 2005.)

Na kibodi! Hapa naomba mnivumilie. X220 ni ya kizazi cha mwisho kwa aina yake chenye kibodi ya safu saba, ile ya vitufe vilivyobonyea katikati kidogo, kidole kikitua kinajua kimefika. Mwaka 2012 waliofuata wakaja na vitufe bapa. Anayechapa barua pepe mbili kwa siku tofauti hiyo haitamgusa. Kwa anayechapa kurasa kumi za mwandiko wa baba yake kila usiku, ni tofauti kati ya kulala na kulala mikono ikiuma.

Kununua mtumba wa namna hii kuna utaratibu wake, na utaratibu huo nilipewa na binamu yangu anayefanya kazi ya kompyuta Mwanza, kwa simu, huku muuzaji akinisikiliza kwa uchungu. Washa, na papo hapo bonyeza F1, uingie kwenye mipangilio ya ndani kabisa. Ikikuomba neno siri, irudishe mezani hata kama wanakupa kwa laki moja, maana mashine za maofisini nyingine huja zimefungwa humo na kuzifungua ni balaa. Fungua ukurasa mtupu ubonyeze kila kitufe, hata vile usivyovitumia. Weka mandharinyuma meupe utafute madoa kwenye kioo. Funga na kufungua mfuniko mara kadhaa, usikilize bawaba. Kisha iache inawaka nusu saa, cheza video, weka kiganja upande wa kushoto inakotokea hewa ya moto. Muuzaji akikuharakisha, hiyo nayo ni taarifa. Betri usiiulizie sana. Kwenye mashine ya miaka kumi na moja betri huwa ni mapambo, panga bei ya mpya moja kwa moja.

Nilimpelekea fundi wa mtaani kwetu Tabata. Aliigeuza, akaipima uzito mkononi kama mnunuzi wa samaki.

"Dada, hii ni ya kizamani lakini ni jiwe. Tuitoe tu hii diski."

Alikuwa sahihi, na kama utatumia senti moja tu kwenye kompyuta kongwe, itumie hapo. Diski ya zamani ni sahani inayozunguka, ina sindano ya kusoma inayokimbia huku na huku. SSD haina kinachozunguka. Ile ya GB 240 nilinunua kwa 75,000. Kuwaka kulikuwa kunachukua karibu dakika tatu, nachemsha chai narudi. Sasa sekunde ishirini na kitu, chai imebidi niitafutie wakati mwingine. RAM nikaongeza GB 4 kwa 40,000, zikawa 8. RAM ni meza ya mama lishe, diski ni stoo ya nyuma. Meza ikiwa ndogo, kila mteja akiagiza inabidi akimbilie stoo, na wateja wakizidi unaona kompyuta "imeganda" kumbe inakimbia. Betri, 65,000. Mwisho fundi akaisafisha. Kwenye feni alitoa vumbi lililoshikamana kama sufi ya mto, akafuta ile dawa nyeupe iliyokuwa imekauka juu ya kichakataji akapaka nyingine, 15,000. Kwa joto na vumbi la Dar hiyo ni huduma ya kila mwaka, kama oili ya bodaboda. Kichakataji kikipata moto sana hupunguza mwendo chenyewe ili kisiungue, kwa hiyo kompyuta nyingi zinazolaumiwa kuwa "zimezeeka" zina homa tu.

Jumla 515,000 pamoja na bei ya kuinunua. Bado iko chini ya ile ya rangi ya fedha.

Kichekesho ni kwamba kuipakata hairuhusiwi. Ukiiweka kwenye kanga mapajani, au kitandani, kitambaa kinaziba matundu ya chini, na feni inaanza kulia. Nimeikatia ubao wa mninga, mabaki ya kabati la jirani. Kwa hiyo mpakato wangu unakaa juu ya kibao cha mbao kama unga wa chapati.

Baadaye nikafika kwenye suala la mfumo. Ilikuja na Windows 10 "iliyopigwa", kama tunavyosema, yaani ya mtaani, na kona ya chini ya kioo kulikuwa na maneno ya kufifia yanayodai uhalali. Niliitoa nikaweka Linux Mint, toleo la Xfce ambalo ni jepesi. Ni ya bure, na ni bure ya halali, haina ujanja wa kamba. Faili lake lina zaidi ya GB 2, nilipakua kwa bando la usiku, nikaliandika kwenye flashi, na jioni moja ikatosha. Siwezi kudai kwamba kila mtu afanye hivyo. Mhasibu anayetegemea programu fulani ya ofisini, mchoraji, mtu wa video, wana sababu zao. Lakini mwandishi? Mwandishi anahitaji programu ya kuandikia, kivinjari, kisomeo cha PDF, na kitu cha kumzuia asiingie Instagram, ambacho hakijatengenezwa kwa mfumo wowote.

Kuandikia natumia LibreOffice. Hii ina ukoo ambao sisi wasomaji wa Kiswahili tungepaswa kuujua zaidi. Imetokana na OpenOffice mwaka 2010, na OpenOffice yenyewe ilishawahi kuvaa kanzu ya Kiswahili: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi uliopewa jina Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ambayo menyu zake zote zinaongea Kiswahili. Watu walikaa wakajadiliana faili iitwe nini, kuhifadhi kuitwe nini. Wakati huo wengi wetu hatukuwa na kompyuta ya kuiwekea. Leo kompyuta tunazo na menyu tunazisoma kwa Kiingereza. Kamusi ya kukagua tahajia bado ipo, na inanichekesha kila siku, maana vitenzi vyetu vinabeba sentensi nzima mgongoni na kamusi haijaviona vyote. Mzee ameandika "tulivyokwishawazoea" na mashine ikamchorea mstari mwekundu, kijana wa shule anamsahihisha mstaafu.

Ugumu mdogo upo. Mhariri akituma faili la Word, wakati mwingine jedwali hukaa kombo. Fonti ya Times New Roman haimo, lakini ipo Liberation Serif, ambayo upana wa herufi zake umefanywa ulingane, kwa hiyo kurasa hazihami. Ninachotuma kwa kuchapishwa nakigeuza PDF kwanza. Na kuna faida moja ambayo hakuna aliyenitajia kabla. Ukipeleka flashi stesheneri kutoa kopi, mara nyingi inarudi na virusi, mafolda yote yamegeuka kuwa njia za mkato na kazi yako "imepotea". Nikiichomeka kwenye Linux, virusi vile havina pa kushika. Faili zangu ziko pale pale, zimefichwa tu. Nimeshaokoa tasnifu tatu za watu kwa namna hiyo, na moja ililipwa kwa kilo mbili za mchele wa Kyela.

Umeme ukikatika, babu ana taa. Juu ya kioo chake kuna kijitaa kimoja kinachomulika kibodi, unabonyeza Fn na PgUp pamoja kinawaka. Laptopu za sasa huwasha vitufe kwa chini, zinapendeza. Hiki kinamulika kwa juu, kwa hiyo kinamulika pia kaunta buku ukiilaza karibu. Mwanga wake ni mdogo, wa kibatari. Nimechapa sura nzima za mvua za Kilombero chini ya kijitaa hicho, betri mpya ikinipa saa tatu na nusu.

Kuchapa ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ni Mzee kuhakiki, na Mzee haoni. Kwanza nikajaribu herufi kubwa, nyeupe juu ya nyeusi. Aliweza maneno matano, sita, kisha macho yanatoka machozi. Nikawa namsomea mwenyewe Jumapili. Ikawa polepole mno, halafu siku moja akanikatiza.

"Mama, wewe ukisoma unanipendelea. Pale hapakuwa na pumziko, umeliweka wewe."

Ndipo nikakumbuka eSpeak NG. Ni programu ya bure ya kusoma maandishi kwa sauti, ndogo ajabu, haihitaji intaneti, na Kiswahili kimo. Unaandika jina lake, unaiambia lugha ni sw, unaipa faili, inaanza. Kompyuta ya 2011 haitoki hata jasho. Na hapa lugha yetu inastahili sifa. Tunaandika kama tunavyotamka, na mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara. Kwa hiyo hata mashine isiyoelewa chochote inaweza kusoma Kiswahili mtu akaelewa. Kiingereza kingeitaka kamusi nzima ya maneno yasiyofuata sheria. Sisi sheria zetu zinaingia kwenye kiganja.

Sauti yenyewe ni ya bati. Mara ya kwanza Mzee alicheka hadi akashika ubavu.

"Huyu bwana ni mtangazaji wa stesheni. Tena stesheni yenye spika mbovu."

Halafu akanyamaza, akasikiliza. Mashine haimpendelei mtu. Ilisoma "kwa hiyo" zake zote, moja baada ya nyingine, na kwenye ukurasa mmoja zilikuwa kumi na nne. Aliinua mkono. "Toa hizo. Acha mbili." Mashine haikushusha sauti alipofika kwenye mwenzake aliyefunikwa na kifusi, kule milimani kati ya Mlimba na Makambako, sehemu ya reli yenye mahandaki na madaraja mengi. Ilisoma kifo kile kwa sauti ile ile iliyosoma bei ya sukari. Nilitaka kuizima. Yeye akasema iache, arudie, kisha akatoa sentensi mbili alizokuwa ameziweka baadaye kuhusu huzuni yake. Akabakiza koleo, viatu na saa ngapi.

Katika miaka yangu yote ya kusoma wahariri sijaona mtu akijihariri vile. Majina ya wahandisi wa Kichina ndiyo yanayoishinda ile sauti. Kila likifika moja Mzee analitamka mwenyewe, kwa lafudhi aliyofundishwa na wenyewe kambini, na mimi naandika pembeni.

Tarehe 14 Oktoba 2025 masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma. Windows 11 inadai vitu ambavyo mashine yangu haina: TPM 2.0, na vichakataji vya kuanzia karibu mwaka 2018. Binamu wa Mwanza alinipigia akasema sasa muage babu, nikamkumbusha kwamba babu alishaacha Windows zamani. Wewe unayetafuta, huu ni wakati mzuri. Maofisi mengi yana mashine za 2016 na 2017 ambazo Windows 11 haizitaki, na vitu visivyotakiwa na maofisi ndivyo vinavyoishia Kariakoo. Hizo zina nguvu kuliko yangu kwa mbali. Angalia tu kabla ya kununua kama RAM inafunguka, maana kuanzia miaka hiyo hata mashine nzuri zimeanza kulehemewa.

Yapo ambayo X220 haiwezi, nisiwadanganye. Mkutano wa video wa saa nzima unaipandisha joto hadi ubao unanukia mninga. Kivinjari kikifunguliwa kurasa ishirini kinaanza kukimbilia stoo. Kuhariri video usijaribu. Kazi za tafsiri zinazonilipa kodi hufanyika humo bila shida. Nakala za kitabu naziweka sehemu tatu: kwenye flashi iliyo kwa dada yangu Morogoro, kwenye barua pepe, na nyingine nachapisha karatasi, kwa sababu Mzee haamini kitu asichoweza kukishika.

Sasa tuko kaunta buku la nane. Jicho la kushoto limefunga kabisa mwezi wa tatu, la kulia daktari anasema limetulia. Kitufe cha A kimeanza kulegea, na ndicho kinachotumika kuliko vyote, maana Kiswahili kinakula A kama watoto wanavyokula embe. Fundi amepata kibodi nzima, ile ile ya safu saba, kwa 45,000, ananiwekea hadi mwisho wa mwezi, matone yakishanunuliwa. Kwa sasa A inataka kubonyezwa kwa nguvu, na mara moja moja inaruka. Na Mzee ndiyo kwanza amehamishiwa Makambako, jina lenye A tatu, ana miaka 26, ana koti la kuazima, na amenionya kwamba kwenye habari za baridi ya huko hana nia ya kufupisha.